Barua ya wazi kwa mnaosimamia bahari na utalii Unguja: kayaki haikodishwi kama baiskeli

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia vyombo vya baharini, utalii na fukwe zetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa wasiokuwa Waislamu salamu na heshima zangu ni zile zile.

Mimi ni mtu wa kasia. Mwaka wa kumi na moja huu natembeza wageni na kayaki, vile vidau vyembamba vya kupiga kasia, upande wa kaskazini magharibi ya kisiwa, na kabla ya hapo nimekulia kwenye ngalawa ya babu yangu, kwa hiyo ninachokiandika hapa sikukisikia barazani. Barua mbili nimezileta kwa mkono wangu ofisini, ya kwanza mwezi wa nane mwaka jana na ya pili baada ya Iddi, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninazo. Nikienda kuulizia naambiwa suala linafanyiwa kazi, nikirudi aliyeniambia hivo kahamishwa, na aliyekuja hajui lolote. Sina ugomvi na mtu. Ila kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka, inakaribia tena na hakuna kilichobadilika ufukweni, ndo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Nianze na kilichotokea, maana bila hicho mtaona naleta maneno ya vitabuni.

Mwezi wa saba mwaka jana, mwezi mpevu, kusi inavuma tangu asubuhi. Mume na mke wageni walikodi kayaki mbili kwenye hoteli moja ya huku, saa kumi na nusu jioni. Maji yamejaa mpaka karibu na ngazi, rangi yake ile ya kwenye picha, ufukweni hakuna hata kiwimbi kwa sababu mivinje na majengo yanaukinga upepo. Kijana aliyewapa kayaki ana miaka 19, alikuwa anabeba sahani mkahawani na kule ufukweni alihamishiwa wiki tatu nyuma. Aliwapa jaketi za kuokolea, akaandika namba ya chumba, basi. Hakuwauliza kama wanajua kuogelea wala kama washawahi kupiga kasia baharini, na mi simlaumu kwa sababu hakuna mtu aliyemfundisha kuuliza.

Mi nilikuwa narudi na kikundi changu kama saa kumi na moja na nusu, niliwaona mbali, wamekaa ubavu kwa upepo, kasia zinakwenda lakini wao hawaji. Nikawafikisha wageni wangu kwanza, alafu nikakimbilia kwa yule kijana. Boti ya hoteli ipo, mashine ipo, petroli hamna, ufunguo wa stoo anao mtu kesharudi nyumbani kwake. Tukaomba boti ya wavuvi waliokuwa wanajitayarisha kwenda kuvua usiku. Mke tulimkuta giza lishaingia ameshikilia kayaki iliyopinduka, mume yuko mbali naye zaidi ya mita mia tatu, kayaki yake imeondoka na upepo, jaketi limempanda mpaka masikioni kwa sababu kifungo kimekatika na mikono yote miwili anaitumia kulivuta chini badala ya kuogelea. Filimbi hana, taa hana, simu kaiacha chumbani isiingie maji. Tulimuona kwa mbalamwezi tu. Na hili naomba mlishike: bamvua, yani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi muandamo. Ingekuwa lile bamvua la mwezi muandamo, giza totoro, sisi tungepita karibu na yule baba tusimuone, wallahi.

Asubuhi yake saa tatu kayaki zile zile zilikuwa mchangani zinakodishwa. Nilipomuuliza meneja aliniambia kwa upole kabisa, "hakuna aliyekufa, alhamdulillah."

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Anayeamua kama leo bahari inafaa ni mtu asiyeijua bahari

Sehemu nyingi nilizopita, uamuzi wa kutoa kayaki unafanywa na risepsheni au na kijana wa viti vya ufukweni. Anachoangalia ni kama jua linawaka na kama kayaki ipo. Waheshimiwa, hatari ya baharini haina kipimo kimoja kwa watu wote. Upepo wa kilomita 30 kwa saa mimi na wenzangu watatu tunaotoka pamoja miaka yote tunaingia nao, kila mmoja anajua kupanda tena kwenye kayaki akipinduka, kamba za kuvutana tunazo, redio ipo, na tunapotoka tunaanza kwa kupiga dhidi ya upepo ili kurudi iwe rahisi. Hiyo kwangu ni hatari inayokubalika, nimeipima na najua njia ya kurudi. Upepo ule ule ukimkuta mtu aliyeshika kasia mara ya kwanza leo, na kakaa kwenye kayaki pana ya plastiki ya kukalia juu, unampeleka unakotaka wenyewe. Bahari ni moja na siku ni moja ila jibu la "tutoke au tusitoke" ni mawili, na ndo maana anahitajika mtu wa kumuangalia mgeni na kuiangalia bahari kwa pamoja.

Mi mtu yeyote anayetaka kutoka namuuliza swali moja ambalo babu alikuwa ananiuliza kwenye ngalawa: ukipinduka hapa hapa sasa hivi, upepo na maji vinakupeleka wapi? Kama jibu ni mchangani, sawa. Kama jibu ni mkondo wa Zanzibar na bara iko zaidi ya kilomita 30 mbele, basi tukae tunywe chai.

2. Upande wa magharibi unadanganya

Hili ndo linaloniumiza zaidi kwa sababu ni rahisi kulielewa na halisemwi. Kusi inatoka kusini mashariki. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani na Matemwe, inakupiga usoni, mgeni anaiona, anasikia mwamba unavyonguruma, anaogopa mwenyewe, na ikimshinda inamrudisha nchi kavu (kule hatari yao ni ile milango ya mwamba maji yanapopwa, yanatoka pale kama mto). Upande wetu wa magharibi, Nungwi, Kendwa na kushuka chini, kusi hiyo hiyo inatokea mgongoni, inatoka nchi kavu kwenda nje. Ufukweni unaona kioo. Ukitoka mita mia mbili tatu ndo unatoka kwenye kivuli cha miti, na hapo unakuwa ushasukumwa bila kujua, unajisifu mwenyewe kwamba leo una nguvu. Unageuka, unauona ule upepo kwa mara ya kwanza usoni. Mgeni wa kawaida kwenye maji tulivu anakwenda kilomita 4 au 5 kwa saa, dhidi ya upepo wa kilomita 30 kwa saa anapiga kasia mpaka mabega yanawaka na bado yupo palepale, akipumzika dakika moja kapoteza alichokichuma dakika tano. Akipinduka na kuiachia kayaki, hiyo keshaipoteza, kayaki tupu ikishikwa na upepo hata muogeleaji mzuri haikamati.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, zinasomwa redioni, wavuvi wanazisikia. Ufukweni kwetu sijaona hoteli inayozibandika pale kayaki zinapotolewa. Bahari iliyotulia ufukweni siku ya kusi ndo siku ya kumzuia mgeni, na kwa sasa ndo siku tunayomuuzia.

3. Machweo siku za bamvua

Watu wa pwani hili mnalijua toka utotoni ila naona limesahaulika kwenye ratiba za hoteli. Huku kwetu siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi jioni. Yanapendeza, ndo muda ambao kila mtu anataka kutoka, na "tripu ya machweo" inaanza hapo au baada kidogo. Maji hayapwi sawasawa. Ukiyagawa mafungu kumi na mbili, saa ya kwanza linaondoka moja, ya pili mawili, ya tatu matatu na ya nne matatu, alafu mafungu yanapungua tena. Yani kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku nusu ya maji yote yanaondoka, na bamvua letu linafika karibu mita nne, kwa hiyo mita mbili za maji zinatoka ndani ya masaa mawili. Na jua linazama lini? Saa kumi na mbili na kitu, na huku kwetu giza halibembelezi, nusu saa tu huoni kitu. Kwa hiyo wakati maji yanavuta kwa nguvu kuliko muda wowote ndo wakati huo huo mwanga unaondoka, na kama ni miezi ya kusi upepo nao unaelekea huko huko nje. Mtu akikaa makusudi kupanga ratiba ya kuhatarisha watu hapati saa nzuri kuliko hiyo.

Simaanishi machweo yafungwe. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, saa ni nyengine kabisa, mambo yanakuwa mepesi. Ila ratiba ya kayaki haiwezi kuwa saa kumi na nusu kila siku ya Mungu mwaka mzima kama vile ni muda wa chai.

4. Jaketi

Jaketi nyingi za kayaki ni za Newton 50 (Newton ndo kipimo cha nguvu ya jaketi kumuelesha mtu), na hizo zimetengenezwa kwa mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu. Asiyejua kuogelea anahitaji la Newton 100 kwenda juu. Sisi tunawapa wote la aina moja, limeshinda juani miaka mitano, povu limekuwa gumu, vifungo vimekatika vimefungwa kwa kamba ya mwani. Saizi za watoto hamna, mtoto anavishwa la mama yake. Jaketi bila filimbi ni nusu ya jaketi.

5. Mwongozaji akisema hapana, anakosa kula

Naomba hapa msome taratibu, maana nadhani ndo mzizi wenyewe.

Wengi wetu tunalipwa kwa tripu. Hakuna tripu, hakuna pesa, na kesho mkodishaji anamwita mwengine asiyekataa. Mi mwenyewe nishawahi kutoka siku ambayo moyo wangu ulisema usitoke. Ilikuwa miaka ya mwanzo, nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba, wageni sita wanasubiri na camera zao, bosi anasema "twende tu, mbona pametulia." Nikajiambia tutabaki karibu. Tuliporudi mgeni mmoja nilimvuta kwa kamba dakika arobaini, mwengine akawa anachoka, na kamba yangu ni moja. Nilirudi salama kwa rehema za Mungu na toka siku ile najua kwamba sikuipima hatari, niliipima njaa yangu. Kijana mwenye watoto wawili akiulizwa saa tisa mchana kama bahari inafaa, na jibu la "haifai" linamgharimu chakula cha usiku, hilo swali hamjamuuliza yeye, mmemuuliza mfuko wake. Mkitaka jibu la kweli, mlipeni siku anayokataa.

6. Hakuna anayeandika chochote

Tukio la mwezi wa saba halipo kwenye daftari lolote. Ninayajua mengine matatu kwa miaka hii, wavuvi wanayajua zaidi, kila moja limeishia "alhamdulillah". Kama hatuandiki waliokaribia kupotea, tutaanza kuandika siku ya kwanza tutakapozika.

Najua majibu mtakayopewa mkiuliza, kwa sababu nimepewa mimi.

Mtaambiwa mgeni kasaini fomu. Fomu imeandikwa "michezo ya baharini ina hatari", haikumwambia kwamba leo upepo unasukuma kwenda nje, maji yanapwa saa kumi na mbili na boti haina petroli. Mtu hawezi kuikubali hatari ambayo wewe unaijua au ulitakiwa uijue na hukumwambia.

Mtaambiwa maji yetu ya moto sio kama Ulaya. Kweli, na hilo limewaokoa wengi, nashukuru. Lakini bahari yetu mwezi wa saba na wa nane ni digrii 25 au 26, mwili ni 37, mtu aliyelowa anayepigwa na upepo usiku anatetemeka, anachoka, mikono inalegea, alafu anaachia alichoshikilia. Maji ya moto yanakuongezea masaa, na masaa hayo yana maana kama kuna mtu anakuja kukutafuta.

Mtaambiwa ajali haina kinga. Naliheshimu sana neno hili msibani, pale limeshatokea na hakuna la kufanya. Kabla ya hapo tumefundishwa mfunge ngamia wako kisha ndo utawakali, na hii bahari imeshatufundisha kwa machungu. Septemba 2011 ilizama meli ya MV Spice Islander, Julai 2012 ikazama MV Skagit, hakuna familia Unguja na Pemba ambayo haikuguswa, na wavuvi wa Nungwi wanakumbuka walichokitoa majini. Baada ya hapo tulianza kuhesabu abiria na kuuliza maswali bandarini. Chombo kidogo cha mtu mmoja hakikuulizwa.

Na mtaambiwa, kama nilivyoambiwa, tukibana sana wageni watahamia kwengine. Nitawapa mfano wa hao hao wageni kwao. Tarehe 22 Machi 1993 huko Uingereza, wanafunzi 8 wa skuli moja ya Plymouth na mwalimu wao walitoka Lyme Regis kwa kayaki kwenda Charmouth, karibu kilomita tatu tu kando ya pwani, na waongozaji wawili wa kituo kimoja cha michezo wasiokuwa na uzoefu wa kutosha. Upepo uliwatoa nje, kayaki zikajaa maji, fataki za ishara hawana, walinzi wa pwani walichelewa kupewa habari. Walikaa majini masaa. Wanafunzi 4 walikufa. Na kilichonikaa kichwani zaidi ni kwamba miezi kadhaa kabla, waongozaji wengine wawili waliokuwa wakifanya kazi kwenye kituo kile waliacha kazi na wakamwandikia mkurugenzi wake barua kumuonya kuhusu usalama. Barua ile ilikuja kusomwa mahakamani. Mwaka 1994 mkurugenzi alifungwa jela na kampuni yenyewe ikatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, mara ya kwanza kwa kampuni huko England, na mwaka 1995 wakatunga sheria ya kusimamia vituo vya namna hiyo vinavyopeleka vijana. Kayaki kwao hazikufa, mpaka leo watu wanapiga kasia pwani ile ile. Ila watoto wanne walitangulia kwanza ndo ile barua ikaonekana ina maana.

Mimi nimeandika barua mbili. Hii ya tatu.

Ninachoomba, waheshimiwa, hakihitaji fungu kubwa. Kila anayekodisha kayaki awe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, aliyefundishwa na kupimwa majini sio darasani tu, ambaye neno lake la "leo hapana" haliwezi kutenguliwa na meneja wala risepsheni, na siku hiyo alipwe. Nendeni kwa wazee wa uvuvi mkae nao muweke kikomo cha upepo kwa wasiokuwa na uzoefu, na upande wa magharibi kikomo hicho kiwe cha chini zaidi kwa sababu upepo unatoka nchi kavu, kiandikwe ubaoni kwa Kiswahili na lugha za wageni pamoja na saa za maji kujaa na kupwa. Boti ya uokozi iwe na petroli na ufunguo uwe ufukweni muda wote kayaki ziko majini, isipokuwepo boti kayaki zisitoke. Daftari la nani katoka, saa ngapi, anarudi saa ngapi, na dakika ngapi zikipita watu wanaanza kutafuta, mi ningesema kumi na tano. Jaketi zikaguliwe kila msimu, mbovu zikatwe na kisu palepale zisirudi stoo. Na matukio yote, hata ambayo hakuna aliyeumia, yaletwe kwenu kwa maandishi na mtusomee sisi watu wa ufukweni mara mbili kwa mwaka ili tujifunze.

Kama kuna kanuni tayari inayosema haya na mimi siijui, basi naomba ibandikwe ufukweni na aje mtu kuikagua, maana miaka kumi na moja hii sijaulizwa jaketi langu hata mara moja.

Kufundisha niko tayari bure, na nina wenzangu wanne wamekubali. Tunahitaji ruhusa yenu na ufukwe kwa siku tatu kila mwanzo wa msimu. Yule kijana wa miaka 19 tumeshaanza naye, anajua sasa kupanda kwenye kayaki iliyopinduka akiwa peke yake na juzi aliwarudisha wageni wawili walevi akawaambia leo hapana. Alikatwa pesa ya siku ile.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla kusi haijashika. Nakala za barua mbili za mwanzo nitawaletea tena pamoja na hii, In shaa Allah Jumatatu asubuhi, na nitakaa pale nje mpaka nigongewe muhuri.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mpiga kasia, kaskazini magharibi ya Unguja